Kiti cha Bwana McLaurin

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Mwalimu wa darasa, hakikisha ya kuwa kila mtu amepata mahali pa kukaa, na ya kuwa walio nyuma wanasikia. Wenye karatasi hizi mkononi wafuate mstari kwa mstari. Wale ambao macho yao hayajazoea herufi wasikilize tu. Watapata nafasi ya kusoma pole pole baadaye.

Kabla hatujaanza, kila mmoja wenu na atazame alipoketi. Jirani yako wa kulia ni nani? Na wa kushoto? Neno likikushinda, humwulizi yeye kwanza, kwa sauti ndogo, kabla hujainua mkono? Liweke jambo hilo akilini, maana somo la leo ni habari ya mtu aliyenyimwa jirani. Hakunyimwa mwalimu. Hakunyimwa kitabu. Alinyimwa jirani, na shauri lake likafika mbele ya korti iliyo kubwa kuliko zote katika nchi ya Marekani.

Mtu huyo aliitwa George McLaurin. Alikuwa Mmarekani mweusi wa jimbo la Oklahoma. Marekani ni nchi ya majimbo mengi, na kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria na korti zake. Lakini majimbo yote yako chini ya Katiba moja. Oklahoma iko upande wa katikati kuelekea kusini. Ni nchi ya nyasi, ngano, ng'ombe na mafuta ya petroli. Chuo Kikuu cha jimbo hilo kiko katika mji uitwao Norman. Chuo Kikuu, kama mnavyojua, ni shule ya juu kabisa, mahali wanapofundishwa waganga, mawakili, wahandisi na walimu wa walimu.

Sasa sikilizeni sheria ilivyokuwa. Oklahoma ilipofanywa jimbo mwaka 1907, iliandikwa katika katiba yake ya kwamba watoto weusi na watoto weupe wasome katika shule mbalimbali. Tena walieleza nani mweusi na nani mweupe. Mweusi ni mwenye asili ya Afrika. Wengine wote, hata wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwamo katika nchi ile kabla Mzungu hajafika, walihesabiwa kuwa weupe kwa mambo ya shule! Hapo ndipo mtu anapoona ya kuwa rangi ya sheria si rangi ya macho.

Baadaye sheria ilitiwa makali. Kila mkuu wa shule aliyewachanganya watu weusi na weupe aliweza kutozwa faini ya dola 100 hata 500, na kila siku moja ilihesabiwa kuwa kosa jipya. Mwalimu aliyefundisha darasa la mchanganyiko, dola 10 hata 50 kwa siku. Na mwanafunzi mweupe aliyekubali kukaa katika darasa hilo, dola 5 hata 20 kwa siku. Fikirini jambo hilo. Watu husema ya kuwa ubaguzi ni desturi tu, ya kuwa watu wenyewe hupenda kukaa na wenzao. Kama wangependa wenyewe, faini ingekuwa ya nini?

Nchi nzima ilikuwa na kisingizio chake. Katika mwaka 1868, baada ya vita vilivyomaliza utumwa, Katiba ya Marekani iliongezwa kifungu cha 14, kinachosema ya kuwa jimbo lisimnyime mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Lakini mwaka 1896, katika shauri la behewa la gari la moshi huko Louisiana, Korti Kuu ilikubali ya kuwa watu weusi na weupe waweza kutengwa, mradi kila upande upewe vitu vilivyo sawa. "Mbali mbali lakini sawa": hayo ndiyo maneno yaliyotumika kwa muda wa zaidi ya miaka 50. Kule mbali mbali kulishikwa barabara. Kule sawa hakukushikwa.

Kwa mfano, watu weusi wa Oklahoma walikuwa na chuo chao, kiitwacho Langston, kilichoanzishwa mwaka 1897. Chuo hicho kilifundisha walimu na wakulima, na kilifanya kazi njema kwa fedha kidogo. Lakini hakikufundisha sheria, wala hakikutoa shahada ya udaktari, yaani shahada ya mwisho katika elimu. Mtu mweusi aliyetaka kuwa wakili alilazimika kulihama jimbo lake.

Hapa lazima niwajulishe bibi mmoja, maana bila yeye Bwana McLaurin asingefika mlangoni. Jina lake ni Ada Lois Sipuel. Alizaliwa mwaka 1924 katika mji mdogo wa Chickasha, binti ya mchungaji. Wazazi wake walikuwa wakikaa Tulsa, na nyumba yao iliteketezwa mwaka 1921, pale Wazungu wenye silaha walipoivamia na kuichoma mitaa ya watu weusi ya mji huo. Wakahamia Chickasha kuanza upya. Binti yao alisoma Langston, akamaliza vizuri mwaka 1945, naye alitaka kuwa wakili.

Wakati huo chama cha kutetea haki za watu weusi, kiitwacho kwa kifupi NAACP, kilikuwa kikitafuta mtu atakayekubali kuomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Norman na kustahimili yatakayofuata. Kwanza walimfikiria kaka yake. Lakini yeye alikuwa ametoka vitani, miaka yake imekwisha kupotea, hakutaka kupoteza mingine kortini. Basi dada akasema atakwenda yeye.

Tarehe 14 Januari 1946 alikwenda Norman. Alifuatana na Bwana Roscoe Dunjee, mwenye gazeti la watu weusi la Oklahoma City, na daktari mmoja wa Chickasha. Walipokelewa na Mkuu wa Chuo, Dakta George Cross. Huyu alikuwa Mzungu mpole. Aliitazama hati ya masomo yake, akaona haina dosari. Lakini sheria ilikuwa sheria, na faini ilikuwa faini. Bwana Dunjee hakugombana naye. Aliomba kitu kimoja tu: jibu liandikwe. Dakta Cross akaandika ya kuwa mwombaji huyu anastahili kwa elimu yake, na ya kuwa sababu ya kumkataa ni rangi yake, wala hakuna nyingine.

Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika, itazameni kazi ya karatasi ile moja. Kama Mkuu wa Chuo angesema kwa mdomo, kesho yake angeweza kusema hakusema. Kama angeandika ya kuwa nafasi zimejaa, au ya kuwa hati zimechelewa kufika, mawakili wangeshindana miaka mitano juu ya nafasi na hati. Yeye aliandika kweli tupu, akatia sahihi. Baadaye ilijulikana wazi ya kuwa Dakta Cross alijua anachokifanya. Karatasi hiyo ndiyo iliyopelekwa kortini.

Korti za Oklahoma zilimkatalia Bibi Sipuel mara mbili. Shauri likapanda mpaka Korti Kuu ya nchi, huko Washington, likasikilizwa mapema Januari 1948. Aliyesimama kumtetea alikuwa wakili mweusi, Thurgood Marshall. Jina hilo wazee wa Kenya huenda wakalikumbuka: ndiye aliyewasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka 1960. Mwaka 1967 alikuja kuwa jaji wa kwanza mweusi katika Korti Kuu ile ile aliyokuwa akisimama mbele yake.

Korti ilitoa jibu kwa siku chache tu, tarehe 12 Januari. Ilisema ya kuwa jimbo lazima limpatie Bibi Sipuel mafundisho ya sheria, na limpatie mapema kama linavyowapatia wengine. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini sikilizeni hila ya wakubwa wa Oklahoma. Katika muda wa siku chache walitangaza ya kuwa wameanzisha shule mpya ya sheria kwa ajili ya watu weusi. Shule yenyewe ilikuwa vyumba kadha katika jumba la baraza la jimbo, na walimu watatu. Bibi Sipuel alikataa hata kutia mguu. Shule ya mtu mmoja, bila wanafunzi wenzake wa kubishana nao, si shule ya sheria. Uwakili ni kazi ya kubishana. Je, utabishana na ukuta?

Na hapo likatokea jambo ambalo halisimuliwi sana, nami nalipenda. Wanafunzi Wazungu wa Norman, wapata 1,000 hivi, walikusanyika katika uwanja wa chuo chao kupinga hila hiyo. Walichukua nakala ya kile kifungu cha 14 cha Katiba, wakaichoma moto mbele ya watu wote, wakatia majivu katika bahasha na kumpelekea Rais Truman. Maana yake ilieleweka: mkiifanya Katiba kuwa majivu, basi chukueni majivu yenu. Si wanafunzi wote waliokuwa na moyo huo. Wengine walipinga, na wengi hawakujali. Lakini kumbukeni ya kuwa sheria ya wakati ule iliweza kuwatoza faini wao pia.

Katika siku zile zile, watu weusi sita waliomba kwa pamoja nafasi za masomo ya juu, kila mmoja katika somo lisilofundishwa Langston. Ilikuwa akili nzuri: jimbo laweza kujenga shule moja ya uongo kwa juma moja, lakini sita? Mmoja wa hao sita ndiye George McLaurin.

Hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima kama ninyi, mwalimu aliyefundisha Langston miaka mingi, tena alikuwa na shahada ya pili tayari. Aliomba kusomea udaktari wa elimu. Septemba mwaka 1948 majaji watatu wa serikali ya nchi waliamua ya kuwa hawezi kukataliwa, na Oktoba akaandikishwa.

Mlango ulifunguliwa. Sasa tumfuate ndani, tuone alipoketi.

Katika darasa kulikuwa na chumba kidogo cha pembeni, kama sebule ndogo, kilichounganishwa na darasa kwa mlango. Bwana McLaurin aliwekewa kiti na meza ndani ya chumba hicho. Wanafunzi weupe walikaa darasani, mbele ya mwalimu. Yeye alikaa peke yake upande wa pili, akimtazama mwalimu kupitia mlango ule wazi. Picha yake ipo mpaka leo: mzee mwenye suti na tai, kalamu mkononi, na ukuta kati yake na wenzake.

Katika maktaba, yaani nyumba ya vitabu, aliwekewa meza yake kule juu katika roshani. Vitabu aliweza kuazima, lakini hakuruhusiwa kukaa kwenye meza za chini wanaposomea wengine. Katika chumba cha kulia chakula alipewa meza yake na saa yake, wenzake wakiwa wamekwisha kula au hawajaja bado.

Alirudi kortini. Wakati shauri likiendelea, wakubwa wa chuo walilegeza kidogo. Walimtoa katika kile chumba cha pembeni, wakamwingiza darasani, lakini kiti chake kilizungushiwa ukingo wenye kibao kilichoandikwa ya kuwa mahali hapo pamewekwa kwa ajili ya watu weusi. Baadaye ukingo uliondolewa, akapewa safu yake mwenyewe. Meza yake ya maktaba ikashushwa chini, lakini ikawa ile ile ya peke yake. Na chakula akaruhusiwa kula saa moja na wengine, kwa meza mbali.

Bibi Sipuel naye aliingia katika shule ya sheria ya Norman mwaka 1949, na ile shule ya vyumba ikafungwa. Alikuta kiti chake kimewekwa nyuma, juu, peke yake, na kibao cha rangi juu yake. Katika chumba cha kulia, watu weusi walitengewa pembe iliyozungushiwa mnyororo, na mlinzi akasimama. Bibi huyu alisimulia baadaye ya kuwa mlinzi alipogeuza uso, wanafunzi wengine weupe waliinama wakapita chini ya mnyororo, wakaja kula pamoja nao.

Mwalimu wa darasa, simamisha hapa kidogo. Waulize wanafunzi wako swali hili: Je, Bwana McLaurin alikuwa amepata haki yake au hakupata? Wacha waseme. Msiendelee kusoma mpaka watu watatu wawe wamesema.

(Hapa redio ilinyamaza kwa muda wa dakika tatu.)

Vema. Sasa sikilizeni walivyosema wakubwa wa Oklahoma, maana neno lao halikuwa la kipumbavu. Walisema: Huyu bwana anafundishwa na mwalimu yule yule. Anasikia maneno yale yale. Anasoma vitabu vile vile, anakula chakula kile kile. Kiti chake si kibovu. Kinaona ubao vizuri. Hata katika chumba cha kulia anasimama katika mstari pamoja na wenzake, na humo mstarini anazungumza nao apendavyo. Ni wakati wa kuketi na kula tu ndipo anapojitenga. Kuna hasara gani? Ni jambo dogo, jambo la sura tu.

Tarehe 5 Juni 1950 Korti Kuu ilijibu, na majaji wote walikuwa na sauti moja. Jaji Mkuu, Bwana Fred Vinson, ndiye aliyeandika hukumu. Nitaieleza kwa maneno yangu, maana ni hukumu fupi lakini ina mambo ndani yake.

Kwanza alisema ya kuwa mtu hajifunzi kwa kumsikia mwalimu peke yake. Hujifunza kwa kuzungumza na wenzake, kwa kupinga na kupingwa, kwa kutoa wazo lake na kupokea la mwingine. Kiti kilichotengwa kilimnyima Bwana McLaurin sehemu hiyo ya elimu, hata kama kilikuwa kiti kizuri cha mbao nzuri. Basi hakupewa elimu iliyo sawa.

Pili alisema ya kuwa hasara haitamwishia yeye. Huyu bwana anajifunza ili awe kiongozi na mwalimu wa wengine. Mafundisho yake yakiwa na upungufu, na wale atakaowafundisha watapata upungufu huo.

Neno la tatu ndilo lililonifanya nichague somo hili, kwa hiyo nitalisema pole pole. Wengine walikuwa wamesema: Hata mkiuondoa ukingo, wanafunzi weupe hawatakaa naye. Mtatunga sheria ya kumfanya mtu ampende mwenzake? Jaji Mkuu alijibu ya kuwa hilo ni jambo lingine kabisa. Mtu mmoja akikataa kwa hiari yake kuketi nawe, hiyo ni tabia yake. Lakini serikali ikiwakataza wote wasiketi nawe, hata anayetaka hawezi. Ukingo ukiondoka, huenda chuki isiondoke. Walakini Bwana McLaurin atapata nafasi ya kujulikana na wenzake kwa jinsi alivyo, wamkubali au wamkatae wao wenyewe.

Siku ile ile korti iliamua shauri jingine la jimbo la Texas, la Bwana Heman Sweatt, mtu wa posta aliyekuwa akipeleka barua nyumbani kwa watu, ambaye naye alitaka kuwa wakili na akajengewa shule ya pembeni. Naye alishinda. Miaka minne baadaye, tarehe 17 Mei 1954, Bwana Marshall aliyatumia mashauri haya mawili kama ngazi, na Korti Kuu ikasema ya kuwa shule za watoto zikitengwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa hata kidogo. Ile "mbali mbali lakini sawa" ikafa katika shule. Ninyi wa Tanganyika na Kenya ya zamani mnaelewa uzito wa maneno hayo, kwa kuwa shule zetu pia zilikuwa za Wazungu mbali, za Wahindi mbali na za Waafrika mbali, mpaka ilipokaribia Uhuru na hata baada yake kidogo.

Mnyororo wa Norman uliondolewa. Mwaka 1951 Bibi Sipuel alimaliza masomo yake ya sheria. Wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa, akaitwa Ada Lois Sipuel Fisher. Alifanya kazi ya uwakili huko Chickasha, kisha akafundisha Langston miaka mingi. Na mwaka 1992 Gavana wa Oklahoma alimteua kuwa mjumbe wa halmashauri inayokitawala Chuo Kikuu cha Norman. Hiyo ndiyo halmashauri aliyoishtaki. Jina lake na jina la halmashauri yamepigwa chapa pamoja katika vitabu vya sheria, mdai upande mmoja na mdaiwa upande wa pili. Sasa alikwenda kuketi mezani pake. Chuo kilimtengenezea bustani yenye jina lake. Alifariki mwaka 1995.

Laiti habari ingeishia hapo! Lakini somo la historia si hadithi ya kulalia. Mji wa Norman wenyewe ulikuwa na desturi ya kutomruhusu mtu mweusi alale humo usiku. Korti ilimpa Bwana McLaurin kiti cha darasani, haikumpa nyumba ya kupanga. Mwaka 1967 alikuja mwalimu mweusi, Dakta George Henderson, kufundisha chuoni, naye na mke wake walikuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kununua nyumba katika mji huo. Hesabuni miaka: kutoka hukumu hadi nyumba, ni 17.

Basi katika vyuo vikuu vya Marekani, pale Norman na penginepo, ikaanza kazi ya namna nyingine. Ukingo haupo tena, lakini watu bado wanakaa mafungu mafungu. Hapo ndipo zilipoanzishwa ofisi na siku maalum za kukaribishana: mikutano ya mazungumzo kati ya wanafunzi wa asili mbalimbali, sherehe za ngoma na vyakula vya makabila, mihadhara juu ya historia ya watu weusi, msaada kwa mgeni ambaye ni wa kwanza wa jamaa yake kuingia chuo kikuu. Makusudi yake ni kupata ule ujirani ambao hukumu ya 1950 iliuachia nafasi, lakini haikuweza kuuamuru.

Je, ulipatikana? Kwa sehemu tu. Machi mwaka 2015, wanafunzi weupe wa klabu moja ya Norman walionekana katika filamu fupi wakiwa ndani ya basi, wakiimba kwa furaha ya kuwa mtu mweusi hatapokewa klabuni mwao kamwe. Mkuu wa Chuo wakati huo, Bwana David Boren, aliifunga nyumba ya klabu hiyo na kuwafukuza wanafunzi wawili. Mwaka huo huo chuo kilianza kuwafundisha wanafunzi wapya wote, kwa lazima, jinsi ya kukaa na watu wa asili nyingine. Februari mwaka 2020 wanafunzi weusi walikaa siku tatu katika jumba la wakubwa wa chuo, bila kuondoka, kwa sababu walimu wawili walikuwa wametamka darasani neno la matusi wanaloitwa watu weusi. Walitaka mafundisho zaidi, na ya walimu pia.

Upande mwingine nao ulikuwa na neno lake. Watu wengi wa Oklahoma walisema: Sasa serikali inawalazimisha watoto wetu wasikilize mambo wasiyoyakubali, na kumpa mtu kazi au msaada kwa kutazama rangi ni ubaguzi uliogeuzwa. Mei mwaka 2021 baraza la jimbo lilitunga sheria iliyovikataza vyuo kuwalazimisha wanafunzi kuhudhuria baadhi ya mafunzo ya aina hiyo. Na Desemba mwaka 2023 Gavana, Bwana Kevin Stitt, alitoa amri kwa vyuo vyote vya jimbo kuzichunguza ofisi zao za kukaribishana na kuondoa kazi zisizokuwa za lazima. Wanaoziunga mkono ofisi hizo walisema ya kuwa mgeni ataachwa tena peke yake. Wanaozipinga walisema ya kuwa kila mtu apokelewe kwa jinsi alivyo, bila kuulizwa asili yake. Pande zote mbili huitaja Katiba, na kifungu chenyewe ni kile kile cha 14.

Mimi naona ya kuwa sherehe ya siku moja, pamoja na ngoma na pilau, haitoshi kumpa mtu jirani. Nimeona sherehe nyingi za namna hiyo ambazo wageni hukaa meza yao na wenyeji yao, wakapigiana makofi kutoka mbali. Lakini naona pia ya kuwa wanafunzi wale waliopita chini ya mnyororo walihitaji kwanza kumwona mtu aliyeko upande wa pili. Nani atawaonyesha, kama hakuna aliyepewa kazi hiyo? Hayo ni maoni yangu. Msiyapokee kwa sababu yamesemwa katika redio.

Sasa, mwalimu, zima redio. Geuzeni viti vyenu mtazamane, si mbele bali ninyi kwa ninyi, na kila mmoja aketi na mtu ambaye hajapata kukaa naye tangu darasa lilipoanza. Mwenye kujua kusoma amsomee mwenzake tena ile sehemu ya maneno matatu ya Jaji Mkuu. Kisha mshindane juu ya swali hili: serikali iliyouondoa ukingo, imemaliza kazi yake, au inadaiwa kitu kingine? Andikeni majibu kwa wino, na jina la aliyeandika liwe chini.